Mkono Kwanza, Sauti Baadaye

Noti moja ya tarumbeta ikipigwa na bingwa, ikarekodiwa studioni kwa maikrofoni ya bei kubwa na kuhifadhiwa ndani ya kinanda cha umeme, haina kasoro. Ni tarumbeta kweli, maana ilitoka kwenye tarumbeta. Lakini mpiga kinanda anapoziunga noti ishirini za namna hiyo kuwa wimbo, msikilizaji hahitaji kusomea muziki ndipo atambue kuwa tarumbeta haipo. Kinyume chake kipo pia. Theremin, ala aliyoibuni Mrusi Leon Theremin karibu mwaka 1920, ina sauti maskini: mlio mmoja laini unaotoka kwenye sakiti za redio, usio na mdomo wala uzi. Mpigaji haigusi ala hiyo. Husogeza mkono mmoja karibu na antena inayoamua sauti ipande au ishuke, na mkono wa pili karibu na antena inayoamua iwe kubwa au ndogo. Clara Rockmore, aliyekuwa mpiga fidla kabla ya maradhi ya mkono kumtenga na fidla yake, aliichukua theremin akaifanya iimbe, na santuri yake iliyotoka mwaka 1977 ni ushahidi tosha. Basi tunayo sauti tajiri iliyokufa na sauti maskini iliyo hai. Hoja ya makala haya inachipuka katika ukinzani huo: ala ya umeme husikika kama ala halisi kwa kadiri ya upana wa njia inayoupeleka mwendo wa mwili wa mpigaji hadi kwenye sauti, na ubora wa sauti iliyofungiwa ndani yake huja nyuma ya hapo. Anayetafuta uhalisi aanze na mkono, mdomo na mguu.

Ushahidi wa kwanza ulitoka katika maabara ya Bell, New Jersey, Marekani, katikati ya miaka ya 1960. Jean-Claude Risset, Mfaransa aliyekuwa mwanafizikia na mtunzi wa muziki, alitaka kompyuta itoe sauti ya tarumbeta. Mafundisho yaliyorithiwa tangu karne ya 19 yalisema kila ala ina mchanganyiko wake maalumu wa milio ya juu inayoambatana na mlio wa msingi. Ukiujua mchanganyiko huo, umeijua ala. Mchanganyiko usiobadilika, ulipojaribiwa, haukuzaa tarumbeta. Risset alipoichambua ala yenyewe noti kwa noti aligundua kuwa mchanganyiko huo hautulii hata kidogo. Kadiri sauti inavyokuwa kubwa ndivyo milio ya juu inavyoongezeka nguvu kuliko ya chini, na sauti inazidi kung'aa. Noti inapoanza, milio ya chini hutangulia na ya juu hufuata, kwa tofauti ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kumbe kinachoitambulisha tarumbeta ni kanuni inayofunga pamoja ukubwa wa sauti na ung'avu wake. Kanuni hiyo inatokana na mwili: midomo na mapafu ya mpigaji havimruhusu kupata ukubwa bila ung'avu. Kinanda cha kawaida, kikiongezwa sauti kwa kitasa, hukuza noti bila kuibadilisha rangi. Sikio linapokea habari mbili zinazopingana, moja ikisema mtu amepuliza kwa nguvu, nyingine ikisema amepuliza taratibu, nalo haliamini hata moja.

Ushahidi wa pili unashangaza zaidi, kwa kuwa unaonyesha uhai ukiingia mahali ambapo hakuna kilichorekodiwa kabisa. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyegundua mwaka 1967 mbinu ya kuunda sauti kwa kuufanya mlio mmoja uutikise mwingine, alitumia matokeo ya Risset katika makala yake ya mwaka 1973. Alifunga kiwango cha mtikiso huo kwenye ukubwa wa noti, na mara sauti za jamii ya tarumbeta zikapatikana kwa hesabu chache. Baadaye, alipokuwa katika kituo cha IRCAM mjini Paris akiandaa kazi yake iitwayo Phoné, iliyokamilika mwaka 1981, alishughulikia sauti ya mwanadamu. Anaanza na mlio mmoja mtupu. Anaongeza juu yake milio mingine kwa viwango vile vile vinavyopatikana katika koo la mwimbaji. Kinachosikika bado ni mlio wa mashine. Kisha anaiyumbisha milio yote kwa pamoja, juu na chini, kwa kasi na upana wa mtetemo wa mwimbaji, pamoja na kutotulia kidogo. Papo hapo msikilizaji anamsikia mwanamke akiimba. Viwango vya milio havikubadilika. Kilichoongezwa ni mwendo tu, na mwendo huo ukaliambia sikio kuwa vitu hivi vyote vina chanzo kimoja. Tangu tafiti za Carl Seashore katika Chuo Kikuu cha Iowa, miaka ya 1930, ilijulikana kuwa mtetemo wa waimbaji hodari huenda takriban mara sita au saba kwa sekunde, na kwamba hauendi kwa usawa wa saa ya ukutani. Chowning alionyesha kuwa huo tuliouona kuwa pambo ndiyo dalili yenyewe ya kuwapo mtu.

Ukiyaweka matokeo haya mawili pamoja unapata maana kamili ya neno uhalisi katika mjadala huu. Sikio la binadamu halilinganishi kila sauti na picha iliyohifadhiwa kichwani ili kuona kama zinafanana. Linatafuta sababu: nani amefanya nini, kwa nguvu kiasi gani, akielekea wapi. Mpiga fidla anapobonyeza upinde zaidi, sauti huongezeka, rangi hukwaruza kidogo, na hata kimo cha noti huweza kusogea kwa kiasi kisichoonekana. Mambo matatu yamebadilika, tendo ni moja. Vilevile noti zake hazizaliwi moja moja kutoka katika ukimya. Nyingi huzaliwa kutoka katika noti iliyotangulia, upinde ukiwa bado unatembea na kidole kikiwa bado kinateleza. Sampuli, yaani noti iliyorekodiwa, hata ikiwa safi kiasi gani, ni tendo lililokwisha kufanyika siku nyingine, kwa nia nyingine. Mpigaji wa leo akiibonyeza anaiita tu ije. Ndiyo maana noti ishirini nzuri hazijengi wimbo mmoja mzuri: kila moja ina sababu yake, na sababu hizo hazijuani.

Waliotengeneza ala za umeme za mwanzo walilijua jambo hili hata kabla kompyuta hazijawapo. Maurice Martenot, aliyeonyesha ala yake mjini Paris mwaka 1928, alikuwa mpiga selo, na alama ya selo iko kila mahali katika alichokibuni. Mkono wa kulia huvaa pete iliyofungwa kwenye waya na kuteleza mbele ya picha ya vibonyezo, kama kidole juu ya uzi, au hupiga vibonyezo vyenyewe, ambavyo huyumba kushoto na kulia ili kutoa mtetemo. Mkono wa kushoto umewekwa kwenye kibonyezo kimoja chepesi kinachoamua ukubwa wa sauti tangu ukimya mtupu hadi kishindo. Bila mkono wa kushoto hakuna noti, kama vile bila upinde hakuna fidla. Watunzi hawakukawia kuiamini: Olivier Messiaen aliipa nafasi kuu katika Turangalîla-Symphonie, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Boston mwaka 1949, na mpigaji akiwa dada wa mbunifu, Ginette Martenot. Huko Kanada, mwanafizikia Hugh Le Caine alianza mwaka 1945 kujenga ala aliyoiita Electronic Sackbut, iliyokamilika mwaka 1948. Vibonyezo vyake vilisikia uzito wa kidole kwa ajili ya ukubwa wa sauti, msukumo wa pembeni kwa ajili ya kuipandisha na kuishusha, huku mkono wa kushoto ukibaki huru kubadili rangi. Mengi yanayotangazwa leo kuwa uvumbuzi yalikuwa juu ya meza ya mtu mmoja mjini Ottawa kabla vinanda vya umeme havijajulikana sebuleni kwa watu.

Kwa nini basi njia hiyo ilifinywa? Sababu haikuwa ujinga. Ala za Martenot na Le Caine zilipiga noti moja kwa wakati mmoja, na soko lilitaka vidole kumi vifanye kazi kwa pamoja. Kibonyezo cha kinanda kilikuwa tayari mikononi mwa mamilioni ya watu, nacho kwa asili yake ni swichi: kimeshuka au kimepanda. Yamaha walijaribu kupatanisha pande hizi mbili mwaka 1977 kwa CS-80, kinanda ambacho kila kibonyezo kilisikia uzito wake peke yake hata baada ya noti kuanza, na Vangelis alikitumia katika muziki wa filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982 kwa namna iliyofanya noti za mashine zivimbe na kunywea kama za tarumbeta. Lakini kilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, na bei yake ilikuwa ya wachache. Mwaka 1983 ukaja mfumo wa MIDI, lugha ya pamoja iliyowezesha kinanda cha kampuni moja kizungumze na cha kampuni nyingine. Waasisi wake, akiwemo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walihitaji kitu chepesi na cha bei nafuu ambacho washindani wote wangekikubali, na walifaulu kiasi kwamba mfumo huo unatumika hadi leo. Gharama yake ni kwamba uliiandika noti kama kinanda kinavyoijua: imeanza, ilibonyezwa kwa nguvu kiasi hiki, imekwisha. Mabadiliko ya katikati yalipewa nafasi, lakini kwa ngazi 128 tu katika vidhibiti vingi, na gurudumu la kupindisha noti liliwekwa kwa njia nzima, si kwa noti moja. Mpigaji akishika noti tatu na kutaka mojawapo iteleze, zote tatu zilibebwa pamoja.

Historia ya mauzo na sifa ya vinanda baada ya hapo inaithibitisha hoja vizuri kuliko maabara. Ala zilizoigwa kwa mafanikio mapema ni piano, marimba na ngoma. Ala zilizobaki kichekesho kwa miaka mingi ni fidla, saksafoni, tarumbeta na zumari. Zote zilirekodiwa kwa maikrofoni zile zile na wahandisi wale wale. Tofauti ni kwamba mpiga piano, akishaachia nyundo igonge uzi, hana tena mamlaka makubwa juu ya noti ile. Nguvu ya pigo na muda wa kushikilia ndiyo karibu yote anayoweza kusema, pamoja na pedali. Kinanda cha umeme kina kihisi cha nguvu ya pigo na pedali vilevile. Njia ya ala halisi na njia ya ala ya kuiga zina upana uliolingana, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Mpiga saksafoni, kinyume chake, anaishi ndani ya noti tangu mwanzo hadi mwisho, akiibana kwa mdomo, akiisukuma kwa tumbo, akiibadili kwa ulimi. Ukimpa mtu kibonyezo ili aigize maisha hayo umempa mlango bila nyumba. Hapa ndipo linapojibiwa pia pingamizi kwamba hata kinanda cha bomba cha kanisani hakina udhibiti wa noti baada ya kuanza, na bado watu hulia wakikisikiliza. Ni kweli, na mpigaji wake hutafuta hisia katika mwachano wa noti na katika muda. Uhalisi hauhitaji vidhibiti vingi kila mahali. Unahitaji vidhibiti vinavyolingana na ala inayodaiwa kusikika.

Ndiyo maana waliokwenda mbele zaidi katika kuiga ala za pumzi waliachana na kibonyezo, au angalau waliongeza mdomo kando yake. Lyricon ya miaka ya 1970 ilikuwa ala ya umeme iliyopulizwa na kubanwa kwa mdomo kama saksafoni. Nyle Steiner, mpiga tarumbeta na mbunifu wa Marekani, alitengeneza ala za umeme za kupuliza ambazo Akai walizitoa sokoni mwaka 1987 kwa jina la EWI, na Michael Brecker, aliyeijua saksafoni kama wachache waliowahi kuijua, akapanda nazo jukwaani. Yamaha waliuza kifaa kidogo cha kushika mdomoni, chenye waya unaoingia kwenye kinanda, ili mpigaji atumie vidole kwa noti na pumzi kwa kila kinachotokea ndani ya noti. Lakini kielelezo bora ni VL1 ya kampuni hiyo hiyo, ya mwaka 1994, iliyojengwa juu ya utafiti wa Julius Smith wa Stanford. Ndani ya ala hiyo hamna rekodi ya noti yoyote. Mna hesabu zinazofuata mwendo wa hewa ndani ya bomba, au mwendo wa wimbi juu ya uzi. Pumzi ikiwa ndogo mno, noti haianzi. Ikizidi, inaruka kwenda kwenye mlio wa juu, kama inavyomtokea mwanafunzi wa filimbi. Ala hiyo ilimudu noti mbili tu kwa wakati mmoja, na aliyeipiga kama kinanda cha kawaida aliikuta kaidi. Ukaidi huo una thamani. Sehemu kubwa ya uhalisi wa ala za pumzi ni kwamba pumzi huisha, kwamba noti ya juu inadai jasho, kwamba kuna mambo hayawezekani. Kidhibiti kizuri huleta uwezo na huleta pia mipaka, na sikio huitambua mipaka haraka kuliko uwezo. Fidla ya kompyuta inayoshika noti dakika nzima bila upinde kugeuka imejifichua yenyewe.

Hatua za karibuni zimeupanua mlango uliofinywa mwaka 1983. Seaboard ya kampuni ya ROLI, LinnStrument ya Roger Linn, Continuum ya Lippold Haken na Osmose ya kampuni ya Ufaransa Expressive E zinatofautiana kwa umbo, lakini zote zinafuata wazo lile lile la Le Caine: kila kidole kisikilizwe peke yake, kwa uzito wake na kwa mwendo wake, muda wote kinapokuwa kwenye noti. Ili vinanda na programu vielewe lugha hiyo, wadau wa MIDI walipitisha mwaka 2018 utaratibu uitwao MPE, ambao huipa kila noti njia yake, kwa hiyo noti moja katika kundi huweza kuteleza bila kuziburuta nyingine. Mwaka 2020 ikafuata MIDI 2.0, yenye ngazi nyingi zaidi ya zile 128 za zamani. Hata hivyo tusidanganyike na orodha ya viwango. Kuongeza ngazi kunasaidia tu pale ambapo ngazi hizo zimeunganishwa na sauti kwa busara. Mtu akinunua kibao chenye vihisi vya uzito na mtelezo, kisha akaviacha vyote viongeze ukubwa wa sauti tu, amerudi kwenye kile kitasa kinachokuza noti bila kuibadilisha rangi. Kazi ya kweli imo katika kufunga tendo moja na matokeo kadhaa, na kuyafunga kwa uwiano ambao ala ya asili ingeuruhusu.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu taarab imeupitia mtihani huu mbele ya hadhira. Orkestra ya Unguja, katika mapokeo ya vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, imejengwa na fidla, ganuni, udi, nai na kodiani, yaani ala ambazo karibu zote huacha mwili wa mpigaji ukae ndani ya noti: upinde, kidole kinachoteleza, pumzi, na mifuko ya kodiani inayovutwa na kusukumwa. Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa, kwa kutanguliwa na vikundi kama East African Melody, imeipa nafasi kubwa kinanda cha umeme, ambacho hubeba peke yake kazi ya safu nzima ya fidla. Tatizo la kwanza lilionekana kuwa la vipimo, kwa kuwa maqam (mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu) kama rast na bayati zinahitaji noti zilizo kati ya vibonyezo viwili vya piano. Yamaha na Korg wamelitatua hilo kwa vinanda vya soko la Kiarabu vyenye vitufe vya kushusha noti kwa robo ya toni. Lakini kufika kwenye noti sahihi si sawa na kuiendea. Mpiga fidla huikaribia noti ile ya kati kutoka chini, huizungusha, huikaza wimbo unapopanda na kuilegeza unaposhuka. Kitufe humpa mahali pa kusimama, hakimpi njia ya kufika. Ndiyo maana mpiga kinanda ambaye mkono wake wa kushoto haubanduki kwenye gurudumu la kupindisha noti, na mguu wake hauondoki kwenye pedali ya sauti, anaweza kuwa karibu na fidla akiwa na kinanda cha zamani kuliko mwenzake mwenye kinanda kipya cha sampuli elfu asiyegusa kitu kingine zaidi ya vibonyezo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka studioni. Leo mkusanyiko wa sampuli za orkestra hujaza makumi ya gigabaiti, kila noti ikiwa imerekodiwa kwa viwango kadhaa vya nguvu, na mtayarishaji anaweza kukaa mbele ya kompyuta akachora kwa kipanya mistari ya ukubwa, mtetemo na rangi. Filamu nyingi na matangazo mengi yamepita hivyo na hakuna aliyelalamika. Zaidi ya hayo, Wendy Carlos alitengeneza Switched-On Bach ya mwaka 1968, na Isao Tomita akatengeneza Snowflakes Are Dancing ya mwaka 1974, kwa kurekodi sauti moja baada ya nyingine juu ya kanda, kazi ya subira isiyohitaji mkono mmoja kufanya yote kwa mara moja. Pingamizi hili linakubalika kwa sehemu, na sehemu hiyo inaiunga mkono hoja. Mtayarishaji anayechora mistari anafanya kwa jicho kile ambacho kidhibiti kinafanya kwa mwili. Asipochora, sampuli zake hubaki noti ishirini zisizojuana. Anakiri kwa vitendo kwamba mwendo ndio unaokosekana. Tofauti ni ya gharama na ya aina. Mstari wa sekunde kumi huchorwa kwa muda mrefu kuliko unavyopigwa, na huelekea kuwa safi mno, kwa kuwa anayechora hachoki pumzi na hakosei kwa namna ambayo mwili hukosea. Wapo wanaomudu kuchora hata kutokamilika huko. Ni wachache, na wengi wao walijifunza kwanza ala yenye uzi au pumzi. Na juu ya jukwaa, mahali ambapo wimbo unajibiwa na watu papo hapo, kipanya hakina la kusema.

Pingamizi la pili ni la kimsimamo: kwa nini ala ya umeme iige? Singeli ya Dar es Salaam haiombi radhi kwa kuwa muziki wa kompyuta, na kasi yake haingewezekana kwa mikono mitupu. Mlio wa kinanda katika taarab ya kisasa nao umekuwa na wapenzi wake, ambao wakiletewa fidla halisi wangeuliza kinanda kiko wapi. Hoja hii haipaswi kupingwa. Ala ya umeme inayo haki ya kuwa yenyewe. Ila tukumbuke kuwa theremin haikuwahi kusikika kama fidla. Ilisikika kama theremin iliyo hai. Vidhibiti vya mwili havimlazimishi mtu kuiga, vinampa uwezo wa kuwamo katika sauti yoyote, iwe ya kuigwa au ambayo haijawahi kusikika. Aliyechagua muziki wa mashine usioyumba amechagua, na uchaguzi wake una nguvu pale tu ambapo angeweza kufanya vingine. Asiye na njia nyingine hajachagua kitu, ameuzwa.

La tatu ni la mfuko na la muda. Vibao vya vihisi vipya vina bei inayozidi kinanda cha kawaida mara kadhaa, na kumwambia mpiga kinanda wa Mwanza au Mombasa avinunue ni kumcheka. Lakini hoja hii haidai ununuzi wa kifaa kipya. Vinanda vingi vinavyopigwa kwenye harusi na makanisani tayari vina gurudumu la kupindisha, mara nyingi vina gurudumu la mtetemo, na vina tundu la pedali, hata kama tundu hilo halijawahi kuchomekwa kitu. Pedali ya sauti ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo katika duka la muziki. Aghali ni mazoezi: kuufundisha mguu uvute sauti pale mwimbaji anapovuta pumzi, kuufundisha mkono wa kushoto usiwe mvivu, kuyafunza masikio kutambua kuwa noti iliyoanza bado haijaamuliwa. Na hapo ndipo msimamo wangu unapogusa namna tunavyofundisha na kununua. Shule ya muziki inayomwajiri mwalimu wa kinanda ingefaa imtake mwanafunzi wake akae kwanza miezi kadhaa na fidla, nai au kwaya, ili ajue tendo analotaka kuliiga lina sura gani. Kamati ya kwaya inayokusanya fedha za kinanda kipya ingefaa ianze na pedali ya kinanda kilichopo.

Kampuni zitaendelea kutangaza idadi ya sauti, kwa kuwa sauti hununuliwa kwa dakika moja dukani, ilhali mkono hukomaa kwa miaka na hakuna anayeweza kuuweka kwenye kasha. Kuuliza kinanda kina sauti ngapi ni kuuliza swali la muuzaji. Mwanamuziki anayo maswali mawili ya kukiuliza chombo chochote cha umeme kabla hajatoa pesa yake: nikibadili pumzi, kidole au mguu, ni mambo mangapi yatabadilika pamoja? Na ni mangapi kitanikatalia mpaka niyafanyie kazi?